Mchagua Jembe Si Mkulima? Uteuzi wa Lugha za Tarakilishi kwa Mwanafunzi wa Tseikuru

Ikisiri

Makala haya yanajadili uteuzi wa lugha za kuandikia programu za tarakilishi. Yanamchukua mwanafunzi wa Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, kuwa kipimo cha mjadala. Hoja kuu ni kwamba thamani ya lugha ya programu haipimwi kwa umaarufu wake bali kwa mambo manne: kazi inayokusudiwa, kifaa kilichopo, mtu wa kuulizwa, na maarifa yanayobaki lugha hiyo inapofifia. Yanaonyesha pia kwamba kizuizi cha Kiingereza katika taaluma hii kimo katika maelezo zaidi ya kuwamo katika lugha za programu zenyewe, na kwamba hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa pekee.

1. Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Mtu anayeshinda akipima mipini na kulinganisha makali ilhali mawingu yanakusanyika hatavuna kitu. Methali hii ina uzito wa pekee katika Tseikuru, mji mdogo ulio katika eneo bunge la Mwingi Kaskazini, upande wa Kitui unaoelekea mto Tana. Nchi hiyo ni kame. Mvua zinazotegemewa zaidi ni zile za kati ya Oktoba na Desemba, nazo hazimngoji mtu. Hata hivyo, mkulima huyo huyo asiyechagua jembe huchagua mbegu kwa uangalifu mkubwa. Anajua kwamba mahindi humwangusha mara nyingi mahali ambapo mtama, mawele na ndengu hustahimili jua.

Tofauti hii baina ya jembe na mbegu ndiyo inayoongoza mjadala wa makala haya. Katika kipindi hiki ambapo teknolojia ya habari na mawasiliano imepenya hadi sokoni na zahanatini, swali linaloulizwa aghalabu ni hili: ni lugha ipi ya tarakilishi inayofaa zaidi kusomwa? Huliuliza mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne, huliuliza mzazi wake, na siku hizi huliuliza pia mwanafunzi wa Kiswahili chuoni anayetaka kuchunguza matini mengi kwa pamoja. Jibu baya lina gharama. Karo ya kozi ya tarakilishi ya miezi michache huenda ikatokana na mbuzi waliouzwa, na mbuzi hao hawarudi zizini iwapo kozi haikumfikisha mwanafunzi popote.

Suala lenyewe limepata uzito zaidi kutokana na mabadiliko ya elimu nchini Kenya. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Kwa hivyo, uteuzi wa lugha za programu haumhusu tena mtaalamu wa Nairobi peke yake.

2. Lugha ya programu ni lugha ya namna gani?

Lugha ya programu ni mfumo wa ishara anaoutumia binadamu kuiamuru mashine. Ina msamiati, ina sintaksia na ina semantiki, na kwa sababu hiyo mwanaisimu huikaribia bila hofu. Hata hivyo, mlinganisho huu una mipaka. Lugha ya programu haina fonolojia, haina watoto wanaoipata nyumbani, na haivumilii utata. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia mtu akisema “mtoto kimeanguka” hutambua kosa la upatanisho wa kisarufi, lakini ujumbe humfikia. Tarakilishi haina huruma hiyo. Koma moja ikikosekana mahali inapohitajika, kazi yote husimama.

Tofauti nyingine ni ukubwa wa msamiati. Lugha ya Python ina maneno tengwa 35 tu, yaani maneno ambayo lugha yenyewe imejiwekea na ambayo mwandishi hawezi kuyapa maana nyingine. Lugha ya C ilivyosanifiwa mwaka 1989 ilikuwa na 32. Mtu hujifunza Kiarabu au Kifaransa kwa miaka. Maneno haya 35 huweza kukaririwa kwa wiki moja. Kinachochukua muda ni dhana, wala si msamiati.

Dhana zenyewe si nyingi. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa ndengu anayenunua magunia kutoka kwa wakulima wa Tseikuru. Bei ya kilo moja ni jina lililopewa thamani inayoweza kubadilika kesho: hicho ni kigeu. Kusema “iwapo gunia limezidi kilo 90, lipime upya” ni kuweka sharti. Magunia yote yaliyopimwa siku hiyo, yakipangwa moja baada ya jingine, ni orodha. Kuchukua kila gunia katika orodha na kuzidisha uzani wake kwa bei ni marudio. Hatua hizo zote zikikusanywa na kupewa jina moja ili zitumike tena siku ya soko ijayo, hicho ni kitendakazi. Anayezielewa dhana hizi tano amekwisha kupiga hatua kubwa katika lugha yoyote ile ya programu. Katika Python, hesabu ya malipo ya siku huandikwa hivi:

jumla = 0
for uzani in magunia:
    jumla = jumla + uzani * bei

Inafaa msomaji atazame mistari hii kwa jicho la kiisimu. Maneno ya Kiingereza ni mawili tu, *for* na *in*. Mengine yote, jumla, uzani, magunia na bei, ni ya Kiswahili, kwa kuwa majina ya vigeu huteuliwa na mwandishi mwenyewe. Programu hii ingeandikwa kwa Pascal, PHP au Java, alama zingebadilika lakini hoja ingebaki ile ile.

Historia ya shule za upili nchini Kenya inathibitisha jambo hili. Vitabu vya somo la tarakilishi vilivyotumiwa katika mfumo wa 8-4-4 vilifunza misingi ya programu kwa lugha za Pascal na Visual Basic. Pascal ilibuniwa na Niklaus Wirth mwaka 1970 kwa nia ya kufundishia. Toleo la sita la Visual Basic lilitoka mwaka 1998, na kampuni ya Microsoft ikaacha kulihudumia mwaka 2008. Mwanafunzi aliyekariri mahali vitufe vya Visual Basic vilipo alijikuta na ujuzi usio na soko. Mwenzake aliyeelewa marudio na masharti alihamia lugha nyingine bila ya kuanza upya. Wote wawili walisoma lugha moja katika darasa moja. Kilichowatofautisha ni kile walichokichukua kutoka humo.

3. Orodha za umaarufu na upungufu wake

Watu wengi hutafuta jibu katika orodha za lugha mashuhuri. Orodha mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni ya TIOBE, iliyoanza mwaka 2001, ambayo hukadiria umaarufu wa lugha kwa kutazama wingi wa matokeo yake katika mitambo ya kutafutia habari mtandaoni. Kwa kipimo hicho Python ilishika nafasi ya kwanza kwa mara ya kwanza Oktoba 2021. Ya pili ni uchunguzi ambao Stack Overflow huufanya kila mwaka tangu 2011 kwa kuwauliza waandishi wa programu lugha wanazozitumia. Huko, JavaScript ilitajwa kuwa inayotumiwa zaidi kwa muda wa zaidi ya miaka kumi.

Majibu haya mawili yanatofautiana, na yote ni ya kweli. Moja linapima lugha inayozungumziwa. Jingine linapima lugha inayotumiwa na wale waliojitokeza kujibu. Hakuna hata moja linalopima haja ya mtu wa Tseikuru. Kichina kina wasemaji wengi mno kuliko Kikamba, lakini mtu anayetaka kununua mbuzi au asali katika soko la Tseikuru hatasaidiwa na takwimu hiyo. Mwanafunzi wa isimujamii anafahamu kwamba watu hujifunza lugha kwa ajili ya wanaoizungumza na shughuli zinazoendeshwa kwayo. Lugha za programu hazina kanuni tofauti.

Isitoshe, orodha hizi huwafanya watu waamini kuwa lugha kongwe ni lugha mfu. COBOL, iliyobuniwa kuanzia mwaka 1959, ingali ikiendesha kazi nyingi za benki duniani. SQL, ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce waliiasisi katika kampuni ya IBM mwaka 1974, ndiyo inayotumiwa hadi leo kuuliza maswali katika hifadhidata nyingi. Kwa upande mwingine, ActionScript iliyokuwa ikitumiwa kutengenezea michezo na vibonzo vya mtandaoni ilipoteza nafasi yake pale Adobe ilipokomesha huduma ya Flash mwishoni mwa mwaka 2020. Umri na umaarufu, basi, si vigezo vinavyotosha.

4. Vigezo vinne vya uteuzi

Kigezo cha kwanza ni kazi, nayo ndiyo mbegu. Anayetaka kutengeneza tovuti hana budi kuijua JavaScript, kwa sababu ndiyo lugha ya programu ambayo vivinjari vyote huielewa moja kwa moja. Anayetaka kuchunguza takwimu za ukame, mathalani zile zinazotolewa kila mwezi na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, atafaidika na Python au R. Anayetaka kuhudumia mifumo ya afya atakutana na Java. Uteuzi wa lugha kabla ya uteuzi wa kazi ni sawa na kununua jembe kabla ya kujua kama shamba ni la mpunga au la ndengu.

Kigezo cha pili ni kifaa. Hapa ndipo mashauri yanayotolewa mijini humwacha mwanafunzi wa mashambani njiani. Kotlin, iliyoanzishwa na kampuni ya JetBrains mwaka 2011, ndiyo lugha ambayo Google imeipendekeza tangu 2019 kwa programu za simu za Android. Lugha yenyewe haiuzwi. Lakini Android Studio, karakana inayotumiwa kwa kazi hiyo, huhitaji tarakilishi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi. Anayetaka kutengeneza programu za iPhone kwa Swift huhitaji tarakilishi ya Apple. Kinyume chake, JavaScript huhitaji kivinjari na mahali pa kuandikia tu, na ukurasa uliohifadhiwa katika kifaa hufunguka hata mtandao ukikatika. Python nayo hufanya kazi katika kipakatalishi kikuukuu, na zipo programu za bure zinazomwezesha mtu kuiandika katika simu ya Android. Mahali ambapo umeme na mtandao havitegemeki, tofauti hii huamua ni nani atakayeendelea na ni nani atakayekata tamaa.

Kigezo cha tatu ni mtu wa kuulizwa. Nairobi ina vituo kama vile iHub, kilichofunguliwa mwaka 2010, ambako wanaojifunza hukutana na waliotangulia. Katika mji mdogo mtu wa kuulizwa huenda akawa mmoja tu: mwalimu wa tarakilishi wa shule ya upili, au kijana aliyerudi likizoni kutoka Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza. Iwapo mtu huyo anajua PHP, basi PHP ndiyo lugha bora ya kuanzia mahali hapo, hata kama orodha za dunia zinasema vingine. Lugha ya pili kwa ubora iliyo na mwalimu hushinda lugha ya kwanza isiyo naye.

Kigezo cha nne ni kile kinachobaki. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba lugha fulani itakuwa na soko baada ya miaka 15. Mwanafunzi anapaswa kujiuliza: lugha hii ikitoweka, nitabaki na nini? Kozi inayomfundisha kubofya hapa na pale humwacha mikono mitupu. Kozi inayomfundisha kugawanya tatizo kubwa katika matatizo madogo humpa ujuzi wa kuhama nao.

5. Lugha zenyewe kwa muhtasari

Kwa mtoto wa shule ya msingi, Scratch ni mwanzo mwema. Ilitolewa mwaka 2007 na taasisi ya MIT ya Marekani. Mtoto haandiki maneno. Huunganisha vipande vyenye amri, mfano wa matofali. Jambo linalopaswa kuwapendeza wasomaji wa jarida hili ni kwamba Scratch inapatikana kwa Kiswahili: mtoto huteua Kiswahili katika orodha ya lugha, na amri hujitokeza kwa lugha hiyo. Kuna pia toleo linaloweza kusakinishwa na kutumiwa bila mtandao.

JavaScript, iliyotengenezwa na Brendan Eich mwaka 1995, humfaa anayetaka kuona matokeo ya kazi yake upesi na kumwonyesha mteja. PHP, ya mwaka huo huo wa 1995, hudharauliwa na wengi, ila ndiyo iliyotumiwa kujenga WordPress, inayoendesha zaidi ya thuluthi moja ya tovuti duniani. Jukwaa la Ushahidi, lililoundwa na Wakenya Januari 2008 ili kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi, nalo lilijengwa kwa PHP na baadaye likatumiwa katika nchi nyingi. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba jembe duni mkononi mwa mwenye haja ya kweli hulima shamba kubwa.

Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun mwaka 1995, imo katika sekta ya afya kwa kina ambacho wengi hawakitambui. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS, ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, umeandikwa kwa Java. Juu ya msingi huo ndipo KenyaEMR ilipojengwa kwa matumizi ya vituo vya afya vya umma. DHIS2, mfumo ambao Kenya iliuanza kitaifa mwaka 2011 kukusanyia takwimu za afya, ni wa Java vilevile. Kijana anayetaka siku moja kuurekebisha mfumo unaotumiwa katika hospitali ya karibu naye anajua, basi, pa kuelekea.

SQL ni lugha ndogo inayosahauliwa na washauri wengi, ilhali faida yake ni kubwa. Kila penye majedwali ya kumbukumbu, yawe ya karo, ya dawa au ya magunia, SQL ina kazi. SQLite, hifadhidata ndogo inayotumia SQL, imo ndani ya kila simu ya Android. Aliyejifunza SQL miaka 30 iliyopita bado anaitumia.

Linafaa kutajwa jambo moja zaidi kuhusu wakazi wengi wasiokuwa na simu za kisasa. M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007 ilitumika katika simu za kawaida kabisa, zile ambazo watu huziita kwa utani mulika mwizi. Hata leo huduma nyingi huwafikia wakulima kwa ujumbe mfupi au kwa namba zinazoanza na nyota na kumalizika na alama ya reli. Nyuma ya menyu hizo huweza kuwa na PHP, Python, Java au JavaScript. Mkulima haioni lugha hiyo wala haihitaji. Anachokiona ni kama menyu imeandikwa kwa maneno anayoyaelewa.

6. Python na matini ya Kiswahili na Kikamba

Kwa msomaji wa jarida hili ambaye lengo lake ni utafiti wa lugha, Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ndiyo inayopendekezwa. Sababu ni mbili, na zote zinaweza kuonyeshwa kwa mifano.

Ya kwanza ni mofolojia. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Anayetafuta neno “soma” katika riwaya nzima kwa njia ya kawaida ya kutafuta neno zima atakosa anasoma, alisoma, atasoma na amesoma. Python humruhusu mtafiti kuandika ruwaza moja inayoyakamata yote manne:

a(na|li|ta|me)soma

Mabano yanataja viambishi vya njeo na hali vinavyoweza kujitokeza baada ya kiambishi cha nafsi. Mtafiti akiondoa “soma” na kuruhusu mzizi wowote, atapata vitenzi vingi kwa mkupuo. Lakini hapo ndipo ujuzi wa lugha unapohitajika zaidi ya ujuzi wa mashine, kwani ruwaza hiyo itachukua pia “anasa” kana kwamba ni a-na-sa, na “alika” kana kwamba ni a-li-ka. Tarakilishi haioni kosa lolote. Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye anayeliona. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza kuunda mfumo wa kuchanganua Kiswahili uitwao SALAMA katika miaka ya 1980, alilazimika kutangulia na sarufi: ngeli, viambishi, minyambuliko. Programu ilifuata.

Sababu ya pili ni tahajia. Kikamba, lugha ya kwanza ya watoto wengi wa Tseikuru, kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu yake: ĩ na ũ. Neno la Kikamba lenye maana ya mtu ni “mũndũ”, lenye herufi 5. Mtu akiiuliza Python ya kisasa urefu wa neno hili, hujibiwa 5, mradi kila ũ imeandikwa kama herufi moja ya Unikodi. Akitumia njia ya kawaida ya PHP, hujibiwa 7, kwa kuwa njia hiyo huhesabu baiti, na kila ũ huchukua baiti 2. PHP ina njia nyingine ya kupata jibu sahihi, lakini asiyeijua atahesabu visivyo bila kutambua. Tofauti ya 5 na 7 yaweza kuonekana ndogo, ila kamusi au kikagua tahajia kilichojengwa juu ya hesabu hiyo kitakuwa na kasoro kuanzia ukurasa wa kwanza.

Si ajabu kwamba watu wengi huandika Kikamba na Gĩkũyũ bila alama hizo, hasa katika simu. Mwaka 2006 Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Guy De Pauw na mwenzao walichapisha utafiti ulioonyesha namna tarakilishi inavyoweza kuzirudisha alama hizo katika matini ya Gĩkũyũ. Mwaka 2021 watafiti wa mtandao wa Masakhane walitoa mkusanyiko wa matini ya lugha 10 za Kiafrika yaliyobainishiwa majina ya watu, mahali na mashirika. Kiswahili na Dholuo vilikuwamo. Kikamba hakikuwamo. Pengo hilo halitazibwa na mtu asiyejua Kikamba, hata awe bingwa wa Python.

7. Kizuizi cha Kiingereza na wajibu wa wanakiswahili

Hudaiwa mara nyingi kwamba taaluma ya programu haiwezekani bila Kiingereza. Dai hili lina ukweli, ila halijachunguzwa vya kutosha. Maneno 35 hayawezi kuwa ukuta. Ukuta ni maelezo: vitabu, mafunzo, na zaidi ya yote, ujumbe ambao tarakilishi hutoa panapotokea hitilafu. Mwanafunzi aliyekosea huhitaji kuelewa alichokosea wakati ule ule, na ndipo lugha anayoielewa kwa nusu humpokonya ujasiri.

Wanakiswahili wamewahi kufanya kazi ya namna hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wafasiri wake hawakuhitaji kuijua lugha iliyotumiwa kuziandika, walihitaji istilahi. Muda mfupi baadaye Microsoft nayo ilitoa programu zake kwa Kiswahili. Tatizo lililojitokeza tangu wakati huo ni la usanifishaji. Kenya imezoea tarakilishi. Tanzania inasema kompyuta. Wengine wamependekeza ngamizi. Mwanafunzi anayekutana na maneno matatu kwa kitu kimoja hurejea kwenye Kiingereza.

Istilahi za dhana zinahitaji uangalifu zaidi. Marudio huitwa na wengine kitanzi, tafsiri sisisi ya neno la Kiingereza. Mtoto wa Tseikuru anakijua kitanzi: ni kile kinachotegwa kumnasa kanga. Kinanasa mara moja na kazi imekwisha, ilhali dhana inayokusudiwa ni ya kitu kinachorudiwa tena na tena. “Marudio” au “mzunguko” hutaja kinachotendeka. Tofauti kama hizi haziwezi kuamuliwa na mhandisi peke yake. Ni kazi ya wanaleksikografia, na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi nzuri ya kuianza.

Pana wanaouliza kama haya yote yana maana baada ya kuja kwa akili unde. Tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022, mtu huweza kuiomba mashine imwandikie programu. Jibu ni kwamba uandishi umekuwa rahisi lakini uhakiki umekuwa muhimu zaidi. Mashine ikileta programu inayohesabu “anasa” miongoni mwa vitenzi, au inayohesabu “mũndũ” kuwa na herufi 7, nani atalitambua kosa? Ni yule tu anayeweza kuisoma programu na anayeijua lugha inayochunguzwa. Mwenye moja tu kati ya maarifa haya mawili atadanganyika.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hakuna lugha ya programu iliyo bora kwa kila mtu. Kwa mtoto wa shule ya msingi wa Tseikuru, Scratch ya Kiswahili inatosha kuanzia. Kwa aliyemaliza shule ya upili akiwa na simu au kipakatalishi kikuukuu, JavaScript au Python ni chaguo la busara, na SQL ifuate mapema. Lakini aliye na mwalimu wa PHP karibu asimwache kwa kufuata orodha. Kwa anayelenga mifumo ya afya, Java. Kotlin na Swift zinaweza kungoja hadi kifaa kipatikane. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, Python ndiyo inayomkaribisha zaidi, kwa sababu inaheshimu herufi za lugha zetu na inashughulikia ruwaza za maneno yake kwa wepesi.

Methali haikukosea: anayechagua jembe msimu mzima hatalima. Achague kazi kwa makini, kisha ashike jembe lililo karibu na aanze. Na kwa kuwa wengi wanaosimama kando ya shamba hili wamezuiwa na maelezo wasiyoyaelewa, kila somo fupi la programu litakaloandikwa kwa Kiswahili fasaha, kwa istilahi zilizofikiriwa, litakuwa limewapunguzia gharama wale ambao karo yao hutoka zizini.